Skrinishoti si stakabadhi

Mhariri,

Afisi nyingi hapa Kisumu, za umma na za watu binafsi, zimezoea kumwambia mwananchi alete skrinishoti. Umelipa? Leta skrinishoti. Umefaili ritani? Leta skrinishoti. Umemwombea mtoto basari? Skrinishoti tena. Mimi nina saiba, yaani duka la huduma za kompyuta na intaneti, mtaani Kondele, na kila picha ya aina hiyo ninayoipiga na kuichapisha au kuituma huniingizia shilingi kidogo. Kwa hivyo ninapoandika kuipinga desturi hii najua najitilia mchanga kitumbua changu mwenyewe. Ila mambo yamefika mahali ambapo picha hizo zinachunguzwa, zinakataliwa, na mwenye nayo anaitwa mlaghai, ilhali kosa lote ni la kompyuta na jinsi inavyokuza maandishi.

Mama mmoja anayeuza omena soko la Kibuye alikuja kwangu nimlipie mwanawe ada ya maombi. Tukalipa. Ukurasa wa kuthibitisha malipo ukatokea, nikaupiga picha ya skrini na kuituma kwa barua pepe, kama afisi husika ilivyoagiza. Sitaitaja afisi yenyewe. Siku chache baadaye mama akarudi, leso imekazwa kiunoni.

"Nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo, "wanasema ile picha yako ni feki."

Nikapiga simu. Kijana aliyepokea aliniita madam, kwa adabu zote, kisha akaniambia kwamba alikuwa amefungua sifa za faili na kukuta picha ina pikseli, zile nukta ndogo zinazounda picha, 3072 kwa 1728. "Madam, laptopu ya saiba haina kioo cha ukubwa huo. Hii imepitia kwenye programu ya kuhariri."

Kijana huyo si mjinga, na hata nilimheshimu kwa kuchukua muda kukagua. Kweli kioo cha laptopu yangu ni pikseli 1920 kwa 1080. Picha iliyo kubwa kuliko kioo ilikotoka inatia shaka kwa yeyote anayetumia akili. Lakini haikuwa imehaririwa hata nukta moja, na hesabu ya namba hizo ni nyepesi ukishajua pa kuanzia.

Nianze na mashine zenyewe. Wengi wetu wenye saiba hununua laptopu zilizotumika Uingereza, zile za eksi-UK. Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, nyingi ya laptopu hizo hazikuweza kupanda hadi Windows 11, kwa sababu hiyo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane kwenda mbele. Mashine ni nzima, kibodi inabonyezeka, betri inashika chaji. Kuitupa ni dhambi. Ndipo baadhi yetu tukaweka Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ule ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 na ambao haulipiwi. Mimi natumia Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. Wateja wangu wengi hawajui tofauti, mradi kivinjari kinafunguka na printa inachapisha.

Shida ni macho. Kioo cha inchi 14 chenye pikseli 1920 kwa 1080 hubeba karibu pikseli 157 katika kila inchi, wakati programu nyingi za kompyuta zilizoea kuchora zikikisia 96. Matokeo yake maandishi hutoka madogo mno. Mzee wa miaka sitini akija kusoma jina lake kwenye fomu ataegemea meza mpaka pua iguse kioo. Ukikuza mara mbili, yaani asilimia 200, kila kitu kinakuwa kikubwa kupita kiasi na fomu haienei. Unachotaka ni kitu cha katikati: asilimia 125, au 150. Hapo ndipo balaa inapoanza, maana 2 ni namba kamili na 1.25 si namba kamili.

Ukiiambia kompyuta ikuze mara mbili, pale palipokuwa na pikseli moja inaweka nne, na hesabu inaisha. Ukiiambia 1.25, mstari uliokuwa kwenye nafasi ya 101 unatakiwa ukae kwenye 126.25, na hakuna robo ya pikseli duniani. Lazima kitu kisogezwe au kififishwe. Vioo vya laptopu za zamani za 1366 kwa 768 vina taabu zaidi: gawanya kwa 1.25 upate 1092.8 kwa 614.4. Upana wa pikseli elfu moja tisini na mbili na nukta nane! Programu moja inakadiria kwenda juu, nyingine kwenda chini, na pembeni mwa picha yako panabaki ukanda mwembamba wa dirisha jingine.

Ubuntu ilipoweka swichi ya ukuzaji huu kwenye mipangilio, katika toleo la 20.04 la mwaka 2020, upande wa mfumo wa zamani wa kusimamia kinachoonekana kwenye kioo, uitwao X11, ulitumia ujanja wa kuzungukia hesabu hiyo ngumu. Kioo changu cha 1920 kwa 1080 kikigawanywa kwa 1.25 kinakuwa, machoni pa programu, 1536 kwa 864. Kompyuta inakichora mara mbili, kwa sababu mara mbili ni rahisi, ikipata 3072 kwa 1728. Kisha inaisinyaza picha hiyo yote ili ienee kwenye kioo. Jicho linaona kilichosinyazwa. Programu ya kupiga picha ya skrini inachota kile kilichochorwa kabla hakijasinyazwa. Ndizo pikseli 3072 kwa 1728 alizoziona yule kijana, moja kwa moja, bila mhariri wala kalamu.

Na msidhani huu ni ufukara wa mashine za bure. Laptopu ya MacBook Pro ya inchi 15 ya mwaka 2012, ile ya Retina, ilikuwa na kioo cha pikseli 2880 kwa 1800. Mwenye nayo akichagua mpangilio unaofanana na 1920 kwa 1200, mashine inachora mara mbili na kusinyaza vivyo hivyo, na picha ya skrini inatoka 3840 kwa 2400. Nani angemwita tajiri wa Milimani mlaghai kwa picha hiyo?

Ukubwa wa picha ni afadhali. Kinachoniudhi zaidi ni picha kukatwa kombo.

Sisi wa saiba hatupigi picha ya kioo kizima, kwa sababu pembeni mna mambo ya mteja mwingine. Tunaburuta kipanya kuzunguka risiti peke yake. Tena tunahitaji programu yenye brashi ya kufunika namba ya kitambulisho, maana tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 si busara kusambaza namba za watu ovyo. Kwa hiyo wengi huongeza programu ya pembeni yenye mishale na brashi, badala ya ile inayokuja na mfumo. Kuna moja niliyoipenda sana. Kwa asilimia 100 inafanya kazi kama ilivyo ada. Weka 125 na inaanza vituko.

Kipanya huhesabu kwa kipimo kimoja na picha kwa kingine. Tuseme risiti, kwa kipimo cha kipanya, inaanzia nafasi ya 800 kutoka kushoto na kuishia 1200. Kwenye picha halisi, iliyo kubwa kwa robo, risiti hiyo iko kati ya pikseli 1000 na 1500. Programu iliyoandikwa vizuri huzidisha kwa 1.25 kabla ya kukata. Iliyosahau kuzidisha inakata kuanzia 800 mpaka 1200 hivyo hivyo. Ni sawa na fundi aliyekupima kiuno kwa inchi, kisha mkataji akakata kitambaa akidhani ni sentimita. Unapata kipande cha ukuta mtupu upande wa kushoto, na pikseli 300 za mwisho wa risiti zinapotea upande wa kulia. Na upande wa kulia wa risiti kuna nini? Kiasi kilicholipwa, na mwisho wa namba ya malipo.

Sasa mpelekee picha hiyo karani. Namba ya M-Pesa ina herufi na tarakimu 10. Yeye anaona sita. Anauliza kwa nini umeficha nyingine.

Ukiwa na kioo cha pili hali inakuwa mbaya zaidi. Mimi nimemwekea mteja monita inayomtazama, ili ajihakikishie jina lake kabla sijabonyeza kutuma. Monita hiyo iko kwa asilimia 100, laptopu iko kwa 125. Programu isiyojua kuhesabu kila kioo kwa kipimo chake huchukua kipimo cha kimoja ikakitandaza juu ya vyote viwili, na kipande unachopata kinaweza kuwa cha mahali ambapo hukugusa kabisa.

Kuna watakaoniambia nihamie Wayland, mfumo mpya unaosimamia kinachoonekana kwenye kioo, ulioanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008 ili kuchukua nafasi ya X11, ambao nao umekuwapo tangu 1987. Nimehamisha baadhi ya mashine, na kuna jambo moja ninalolipenda mno. Katika X11, programu yoyote iliyo wazi inaweza kusoma kioo kizima na hata vibonyezo vya kibodi, bila kuomba ruhusa. Fikirieni hilo ndani ya saiba, mahali watu wanapoandika nywila zao kutwa. Wayland ilifunga mlango huo: programu haioni dirisha la mwenzake, na ikitaka picha ya skrini lazima iombe kupitia njia maalumu, mtumiaji akubali. Ni vyema. Lakini programu za picha zilizoandikwa kwa mazoea ya zamani zikajikuta gizani, nyingine zikileta picha nyeusi tupu.

Wayland nayo, kwa miaka mingi, ilijua kuziambia programu namba kamili tu. Ilisema "chora mara mbili" halafu ikasinyaza. Hiyo ina maana ya kuchora pikseli 5,308,416 ili kujaza kioo cha 2,073,600, na laptopu kuukuu inahema kwa kazi hiyo. Zaidi ya hapo kila tarakimu inatoka imepakwapakwa kidogo kingoni. Kwenye kioo huoni sana. Piga picha, ichapishe kwa printa ya wino mweusi uliokaribia kuisha, na 8 itafanana na 6, na 0 itafanana na herufi O. Mwezi wa Novemba 2022 ndipo ilipokubaliwa njia rasmi ya kutuma kipimo kisicho namba kamili, kikiandikwa kwa sehemu za 120: asilimia 125 ni 150 juu ya 120, asilimia 150 ni 180 juu ya 120. KDE, mazingira mengine ya kioo kwenye Linux, yaliipokea katika toleo la Plasma 5.27, Februari 2023. Programu moja moja zimekuwa zikifuata, kila moja kwa mwendo wake, na zile ambazo hazijafuata bado zinapitishwa kwenye daraja la X11 na kutoka na ukungu.

Nimeeleza yote haya kwa urefu kwa sababu nataka wakubwa wa afisi waelewe wanachokidai. Mtu anapokuletea skrinishoti hajakuletea hati. Amekuletea kile ambacho programu moja ilidhani kiko kwenye kioo, kwa kipimo ilichokisia, siku hiyo. Tofauti za ukubwa, za kingo na za ukali wa herufi hazithibitishi udanganyifu. Wala usafi wa picha hauthibitishi ukweli! Kijana yeyote wa Kondele anayejua kazi anaweza kubadilisha jina na kiasi ndani ya kivinjari chenyewe kabla ya kupiga picha, na picha itatoka safi kabisa, pikseli 1920 kwa 1080, hakuna karani atakayeishuku. Nimeombwa kufanya hivyo, na nimewafukuza walioniomba. Kwa hivyo utaratibu huu unamnasa mama wa omena na kumwachia tapeli apite.

Sheria zetu zililiona jambo hili mapema. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti kinachoeleza ilivyotolewa na kifaa kilichoitoa. Karani wa dirishani hahitaji kwenda umbali huo. Mifumo mingi ya malipo na maombi tunayoitumia hutoa stakabadhi ya PDF yenye namba yake. Ukifaili ritani kwenye iTax, tovuti ya ushuru, unapata stakabadhi ya kupokelewa yenye namba, na tovuti hiyo hiyo ina sehemu ambapo mtu yeyote anaweza kukagua PIN, yaani namba ya mlipa ushuru, au cheti cha ushuru bila kuingia kwenye akaunti ya mtu. Pokeeni PDF. Au pokeeni namba, mwiingize kwenye mfumo wenu, muone jina na kiasi. Inachukua muda mfupi kuliko kufungua sifa za picha na kuhesabu pikseli.

Yule mama tulimtolea PDF. Ilikubaliwa, ingawa ilibidi apande matatu tena hadi mjini, afunge kibanda asubuhi nzima, na hakuna aliyemwomba radhi kwa kuitwa mwongo mbele ya foleni. Kuhusu mimi kuitwa mwongo sijali sana, nimezoea. Biashara ya saiba ina wahuni wake na tunabeba jina lao.

Wenzangu wenye saiba, kutoka hapa hadi Busia na Kakamega, mkitaka kuepuka kesi hizi wakati afisi zikijifikiria, achaneni na 125. Rudisheni ukuzaji wa kioo kwa asilimia 100, kisha washeni maandishi makubwa kwenye sehemu ya ufikivu ya mipangilio. Hiyo inakuza herufi kwa kiasi kile kile cha 1.25 lakini haigusi hesabu ya kioo, kwa hivyo pikseli moja inabaki pikseli moja, na programu za picha hukata pale mlipoburuta. Vitufe vingine vitabaki vidogo, mtavumilia. Au mkuze ukurasa peke yake ndani ya kivinjari, kwa kushikilia Ctrl na kubonyeza alama ya kujumlisha. Kivinjari kinajua hesabu zake. Kwa kazi isiyohitaji kufunika namba, tumieni kitufe cha Print Screen na programu inayokuja na mfumo. Ile iliyoingia na GNOME 42, mazingira ya kioo yanayokuja na Ubuntu, mwaka 2022 ni sehemu ya mfumo wenyewe unaochora kioo, haina haja ya kukisia kipimo.

Kuijaribu mashine ni rahisi. Piga picha ya kioo kizima, fungua sifa za faili, soma ukubwa. Laptopu ya 1920 kwa 1080 ikisoma hivyo, endelea na kazi. Ikisoma 3072 kwa 1728, au 1536 kwa 864, mteja yeyote anayetumwa afisi zinazokagua vipimo mpe PDF, na umwandikie namba ya malipo kwa kalamu, juu kabisa ya karatasi.

Mwenye saiba,
Kondele, Kisumu.